Kukodi na Kukodisha Muda wa Hewani: Istilahi za Vituo Vidogo vya Setilaiti

Utangulizi

Miongoni mwa barua zinazotufikia kutoka kwa wafasiri, walimu na maofisa wa serikali, zipo zinazouliza neno moja tu, na zipo zinazouliza jambo kubwa kwa kisingizio cha neno moja. Barua iliyotufanya tuandike makala haya ni ya aina hii ya pili. Mfasiri mmoja alikuwa amepewa kazi ya kutafsiri mkataba baina ya kampuni yenye kituo kidogo cha televisheni ya setilaiti huko Ulaya na kikundi cha wafanyabiashara wa huku kwetu, ambao walitaka vipindi vyao vionekane kwa saa mbili kila usiku. Alituuliza: kile kinachouzwa katika mkataba huo kiitweje kwa Kiswahili? Je, ni "saa", ni "nafasi", ni "hewa", ama ni "matangazo"?

Tulipomwomba atuonyeshe rasimu yake, tuliona kwamba swali lake lilikuwa dogo kuliko tatizo lake. Katika kifungu cha tatu alikuwa ameandika kwamba kikundi "kitakodisha" saa mbili kwa siku; katika kifungu cha saba akaandika kwamba kampuni "itakodisha" saa hizo hizo. Kwa jinsi maneno yalivyokaa, pande zote mbili zilikuwa zinatoa, wala hapakuwa na upande uliokuwa ukipokea. Kama ungezuka ugomvi wa fedha, kila upande ungeshika kifungu chake na kusema kwamba unadai. Aidha, kifungu cha kumi kilisema kwamba "mtangazaji atawajibika kwa maneno yote yatakayotamkwa", bila kubainisha kama mtangazaji huyo ni kampuni yenye kituo, ni kikundi kilicholipa, au ni kijana wa watu aliyeajiriwa kusoma mbele ya kamera.

Makosa haya si ya mfasiri huyu peke yake. Biashara inayohusika ni ngeni kwa wengi wetu, na maneno tunayoitajia tumeyachukua huku na huko: mengine kutoka katika redio, mengine katika upangaji wa nyumba, na mengine katika simu za mkononi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwanza biashara yenyewe ilivyo, kwa kuwa istilahi haiwezi kuwa safi ikiwa jambo linalotajwa halijaeleweka, na kisha kupendekeza maneno ambayo yatamwezesha msomaji kujua nani anatoa, nani anapokea, na nani anajibu.

Vituo hivi ni vya namna gani

Setilaiti za televisheni tunazozizungumzia hapa hukaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 35,800 kutoka ardhini. Katika umbali huo setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, na kwa hiyo kwa mtu aliye chini huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Ndiyo sababu ungo, au dishi kama wengi wasemavyo, huelekezwa upande mmoja na kufungwa hapo. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alilieleza wazo la kutumia setilaiti za namna hiyo kupelekea mawasiliano mwaka 1945, na mwaka 1965 setilaiti ya kwanza ya kibiashara ya aina hiyo, iliyoitwa Early Bird, ilianza kuziunganisha Ulaya na Marekani.

Ndani ya setilaiti mna vyombo viitwavyo transponda. Kazi ya transponda ni kupokea mawimbi yaliyorushwa kutoka ardhini, kuyabadilisha masafa, kuyaongezea nguvu na kuyarudisha chini. Hapo zamani, transponda moja aghalabu ilibeba picha za chaneli moja tu. Ulipoingia mfumo wa dijitali katika miaka ya 1990, picha ziliweza kubanwa, na transponda ile ile ikatosha kubeba chaneli nyingi. Gharama ya kupata nafasi kwa kila chaneli ikashuka, na idadi ya chaneli ikapanda. Nchini Uingereza, huduma ya setilaiti ya dijitali ilipoanza tarehe 1 Oktoba 1998, haukupita muda orodha ya chaneli ikawa ndefu kiasi kwamba mtazamaji hakuweza kuzimaliza kwa jioni moja.

Katika orodha kama hizo, baada ya vituo vikubwa vyenye habari, michezo na filamu, hufuata vituo vingi ambavyo majina yao hayajulikani sana. Kituo cha namna hii huweza kuwa na chumba kimoja na wafanyakazi wachache. Hakina waandishi wa habari mikoani, hakina waigizaji, wala hakina fedha za kununua mpira wa miguu. Asubuhi huonyesha mtu akisifia sufuria zisizoshika chakula. Adhuhuri mhubiri akiombea wagonjwa. Jioni muziki wa jamii fulani ya wahamiaji. Na usiku wa manane mnajimu anayewasihi watazamaji wampigie simu. Mtazamaji aliyezoea kituo kikubwa hushangaa kuona mambo yasiyohusiana yakifuatana namna hiyo. Lakini mpangilio upo, ila si mpangilio wa mhariri. Kila kipande cha siku kimechukuliwa na mtu wake, naye amekilipia.

Hapa ndipo ilipo tofauti iliyo kubwa. Kituo kikubwa cha biashara hukusanya watazamaji kwa vipindi vyake, kisha huuza dakika chache katikati ya vipindi hivyo kwa wenye bidhaa. Kituo kidogo hakina watazamaji wengi wa kumvutia mwenye bidhaa. Kwa hiyo huuza mlango wenyewe. Mteja wake ni yule anayetaka kusema, kuliko yule anayetaka kutazama.

Asili ya biashara hii

Yafaa ikumbukwe kwamba biashara hii haikuanza na setilaiti. Katika miaka ya 1930, redio ya Uingereza ilikuwa mikononi mwa BBC peke yake, nayo haikuruhusu matangazo ya biashara. Kampuni ya Leonard Plugge, iliyoitwa International Broadcasting Company, ilinunua saa katika Radio Normandy iliyokuwa Fécamp kwenye pwani ya Ufaransa, ikaziuza kwa wafanyabiashara wa Uingereza, na vipindi vya Kiingereza vikawa vinavuka bahari na kuwafikia wasikilizaji wa kusini mwa Uingereza hadi Vita Kuu vya Pili vilipozuka. Hivyo basi, tangu wakati huo tunaona watu watatu walio tofauti: mwenye mtambo, dalali wa saa, na mwenye maneno.

Setilaiti ilipokuja, mpango huo ulipata uwanja mpana zaidi. Mwaka 1979 ulianzishwa katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, mtandao wa televisheni ulioitwa Satellite Program Network. Vipindi vyake vilipelekwa kwa setilaiti hadi kwenye kampuni za televisheni za waya, na vingi kati ya vipindi hivyo vilikuwa vimelipiwa na watengenezaji wake ili vionyeshwe. Mtandao huo haukupata sifa kubwa. Baadaye ulibadili jina ukaitwa Tempo, kisha ukauzwa kwa NBC, na tarehe 17 Aprili 1989 nafasi yake ikachukuliwa na CNBC, ambayo leo hujulikana duniani kwa habari za uchumi. Huu ni ushahidi kwamba kituo kisichojulikana huweza kuwa na kitu cha thamani ambacho hakionekani kwenye vipindi vyake, nacho ni nafasi iliyokwisha kuipata katika setilaiti na katika nyumba za watazamaji.

Sheria pia zilichangia. Mwaka 1984 tume ya mawasiliano ya Marekani iliondoa mipaka iliyokuwa imeiweka kuhusu muda wa matangazo ya biashara katika televisheni, na vipindi vya nusu saa nzima vya kusifia bidhaa moja vikaenea. Mwaka huo huo sheria mpya ya televisheni ya waya iliwataka wenye mitambo mikubwa watenge sehemu ya chaneli zao kwa ajili ya kukodiwa na watu wasiohusiana nao: asilimia 10 kwa mitambo yenye chaneli 36 hadi 54, na asilimia 15 kwa yenye chaneli 55 au zaidi. Nia ilikuwa kumzuia mwenye waya asiwe yeye peke yake mwamuzi wa yatakayosemwa. Kwa hiyo tusiichukue biashara ya kukodisha muda kuwa ni uovu kwa asili yake. Jamii ndogo iliyo ugenini, ambayo kituo kikubwa hakiijali, huweza kwa njia hii kupata saa moja ya lugha yake.

Huko Ulaya, mwongozo wa mwaka 1989 juu ya televisheni inayovuka mipaka uliweka kipimo cha matangazo ya biashara kwa kila saa, na marekebisho ya mwaka 1997 yakataka vipindi vya uuzaji wa bidhaa katika vituo vya kawaida viwe vya dakika 15 mfululizo kwa uchache, na vitambulishwe waziwazi kwa picha na kwa sauti. Shabaha ya kanuni hizo ni moja: mtazamaji ajue anauziwa.

Ngazi tatu za ukodi

Mfasiri anapokutana na mkataba wa namna hii hana budi kujiuliza kwanza ni kitu gani hasa kinachokodiwa, kwa sababu mambo matatu yaliyo tofauti hukodiwa, moja juu ya jingine.

Ngazi ya kwanza ni nafasi katika setilaiti. Wenye setilaiti, kama vile SES ya Luxembourg au Eutelsat ya Ufaransa, hukodisha transponda nzima au sehemu yake. Aghalabu kampuni nyingine hukodi sehemu kubwa, ikaigawa vipande vidogo na kuvikodisha kwa vituo.

Ngazi ya pili ni nafasi katika orodha ya chaneli inayotokea kwenye kioo cha mtazamaji. Kituo kinaweza kuwa angani na bado kisipatikane kwa urahisi, maadamu hakina namba katika orodha hiyo. Huko Uingereza nafasi hizi zilipata thamani hata vituo vikawa vinauziana.

Ngazi ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi: kituo kilichokwisha kupata nafasi mbili zilizotajwa hukodisha saa za siku yake kwa watu wengine.

Anayetaka kulifahamu jambo hili kwa mfano wa karibu na aitazame daladala. Mwenye gari humkabidhi dereva gari kwa masharti ya kuleta hesabu kila jioni. Dereva naye akichoka humpa deiwaka safari mbili tatu. Abiria huona gari lile lile, lenye rangi ile ile na namba ile ile, wala hajui ni nani aliyeshika usukani mchana huo. Siku ya ajali ndipo watu huuliza leseni ni ya nani. Katika televisheni rangi ya gari ni nembo ya kituo iliyo pembeni mwa kioo: hubaki pale pale ingawa wasemaji wamebadilika mara sita tangu asubuhi.

Matatizo ya istilahi

(a) Matangazo. Neno hili limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza ni mambo yote yanayorushwa na redio au televisheni, kama tusemapo "matangazo yetu ya jioni". Pili ni taarifa zinazotolewa kwa umma, kama vile tangazo la msiba au la kazi. Tatu ni maneno ya kusifia bidhaa. Katika mazungumzo muktadha hutusaidia, lakini katika sheria na mikataba muktadha haupaswi kuachiwa kazi hiyo. Kanuni ya Ulaya iliyodumu kwa miaka mingi, kabla ya kurekebishwa mwaka 2018, iliruhusu dakika 12 za biashara katika kila saa. Tumewahi kuona ikitafsiriwa hivi: "Matangazo hayatazidi dakika 12 katika saa moja ya matangazo." Sentensi hiyo haina maana. Kama ingeandikwa "Matangazo ya biashara hayatazidi dakika 12 katika kila saa ya urushaji", hata mtu asiyejua habari za televisheni angeielewa. Tunashauri basi kwamba katika maandishi rasmi "tangazo la biashara" litajwe kwa ukamilifu wake, na tendo la kupeleka vipindi hewani liitwe "urushaji".

(b) Kukodi na kukodisha. Sarufi yetu imekwisha kutupa tofauti tunayoihitaji. Anayelipa apate kutumia kitu cha mwingine hukodi. Anayetoa kitu chake kwa malipo hukodisha. Kiambishi cha kusababisha kimo katika neno la pili, na ndicho kinachoonyesha upande. Kwa bahati mbaya, katika usemi wa siku hizi wengi husema "nimekodisha gari" ilhali wao ndio waliolipa. Katika mazungumzo ya barazani hakuna aliyedhurika, lakini katika mkataba dhara ni kubwa, kama tulivyoona katika rasimu ya mfasiri wetu. Njia rahisi ya kujilinda ni kuandika daima "kukodi kutoka kwa" na "kukodisha kwa", ili hata msomaji aliyesahau tofauti ya vitenzi aongozwe na maneno yanayofuata. Watendaji nao waitwe "mkodi" na "mkodishaji".

Kadhalika jina "kodi" lina hatari yake. Ofisa wa serikali akisoma "kodi ya muda wa hewani" ataelewa kwamba ni kodi inayokwenda hazina, na pengine atauliza ni sheria gani iliyoiweka. Kwa malipo ya mkodi kwa mkodishaji tunapendekeza "malipo ya ukodi". Neno "pango" lina sifa ya kueleweka upesi, lakini limezoea nyumba na vyumba, nasi tunaona ni heri likaachwa huko.

(c) Muda wa hewani. Baadhi ya wafasiri wameliogopa neno hili kwa kudhani kwamba ni tafsiri ya neno kwa neno. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Watangazaji wetu wa redio wamesema "tuko hewani" kwa miaka mingi, na msikilizaji wa kijijini hulielewa bila kufafanuliwa. Tatizo lililopo ni jingine: tangu simu za mkononi zienee, kuna watu wanaotumia maneno hayo hayo kwa salio la simu. Kwa bahati njema Kiswahili kimekwisha kujipatia "muda wa maongezi" kwa maana hiyo. Tunashauri kwamba maneno haya mawili yagawane kazi: "muda wa maongezi" uwe wa simu, na "muda wa hewani" uwe wa redio na televisheni.

(d) Kituo, chaneli na idhaa. Haya hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Katika vipindi vya kawaida hakuna ubaya, lakini katika somo letu hayana budi kutenganishwa, maana kampuni moja huweza kuwa na chaneli tano, na chaneli moja huweza kutumiwa na watu sita kwa zamu. "Kituo" liwe jina la shirika au kampuni pamoja na ofisi na mitambo yake. "Chaneli" iwe ile njia moja yenye jina na namba yake katika orodha ya mtazamaji. "Idhaa" limezoea zaidi huduma ya redio ya lugha fulani, na libaki hapo.

(e) Mdhamini na mlipaji. Katika televisheni zetu husikika mara kwa mara kwamba "kipindi hiki kimedhaminiwa na" kampuni fulani. Mdhamini, kwa maana yake iliyo sawa, ni mtu anayesaidia gharama za kipindi ambacho kituo chenyewe kimekitunga na kinakiamulia. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 1989 ulikataza kabisa mdhamini kuingilia yaliyomo kwa namna ya kuathiri uhuru wa mrushaji. Lakini mtu aliyekodi saa nzima, akaleta kanda yake mwenyewe na kuamua kila neno lililomo, huyo si mdhamini hata akijiita hivyo. Tunapendekeza kipindi chake kiitwe "kipindi cha kulipiwa", na yeye aitwe "mlipaji wa kipindi". Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataona mara moja kwamba jambo hili si la Ulaya peke yake, kwani hata huku kwetu wahubiri na wauzaji wa dawa za miti shamba hununua saa katika vituo. Mgonjwa anayetazama ana haki ya kujua kama anamsikia daktari aliyealikwa na kituo, au anamsikia mwenye dawa aliyelipa ili aseme. Maneno mawili tofauti humsaidia kuliko moja lililofunika yote mawili.

Nani anajibu?

Tumefikia sasa kifungu cha kumi cha rasimu ya mfasiri wetu, ambacho kwa maoni yetu ndicho kizito kuliko vyote. Katika Kiswahili "mtangazaji" ni yule ambaye sauti yake husikika. Sheria inapotafuta wa kuwajibika haimtafuti huyo. Sheria ya mawasiliano ya Uingereza ya mwaka 2003 humtambua mtoaji wa huduma ya televisheni kuwa ni yule mwenye mamlaka ya jumla ya kuamua ni vipindi gani vitakuwamo katika huduma hiyo. Kwa ufafanuzi huo, kuwa na mtambo hakutoshi, kulipa hakutoshi, na kusambaza hakutoshi. Linaloulizwa ni nani anaamua.

Matokeo ya swali hilo yameonekana. Mwaka 2011 Ofcom, ambayo ndiyo mamlaka ya mawasiliano nchini Uingereza, ilikitoza kituo kidogo cha dini kiitwacho Believe TV faini ya paundi 25,000 kwa sababu ya vipindi vilivyodai kuponya maradhi mazito kwa vitu vilivyoombewa. Aliyetozwa ni mwenye leseni. Mwaka 2012 mamlaka hiyo iliifuta leseni ya Press TV, baada ya kuona kwamba maamuzi juu ya vipindi yalikuwa yakifanywa Tehran wala si na mwenye leseni. Mwezi wa Februari 2021 iliifuta leseni iliyokuwa ikitumiwa na CGTN, kwa kuwa kampuni iliyoishika leseni hiyo ilionekana kuwa msambazaji tu, bila mamlaka juu ya yaliyorushwa. Vituo hivi viwili vya mwisho si vidogo, lakini vinatupa fundisho linalovihusu vidogo zaidi: leseni haikodishwi pamoja na saa. Mwenye leseni anaweza kumpa mwingine saa zake zote za usiku, lakini hawezi kumpa pamoja nazo wajibu wake wa kujua kinachosemwa.

Kwa hiyo mfasiri asitumie neno "mtangazaji" anapokusudia chombo chenye wajibu wa kisheria. Aandike "mwenye leseni" inapohusu wajibu, "mrushaji" inapohusu tendo la kupeleka vipindi hewani, na "msambazaji" inapohusu anayevifikisha kwa watazamaji. Mtangazaji abaki na kipaza sauti chake.

Istilahi zinazopendekezwa

Setilaiti: chombo kinachoizunguka dunia, ambacho katika somo hili hupokea na kurudisha mawimbi ya televisheni.
Transponda: chombo ndani ya setilaiti kinachopokea mawimbi, kuyabadilisha masafa na kuyarudisha ardhini.
Ungo: chombo cha duara cha kupokelea mawimbi ya setilaiti, pia dishi.
King'amuzi: kifaa kinachoyafungua mawimbi ya dijitali ili picha ionekane.
Chaneli: njia moja ya televisheni yenye jina na namba yake.
Orodha ya chaneli: mpangilio wa majina na namba za chaneli unaotokea kwenye kioo.
Muda wa hewani: saa au dakika za urushaji zinazoweza kutumiwa, kuuzwa au kukodishwa.
Kukodi: kupata matumizi ya kitu cha mwingine kwa malipo. Mtendaji ni mkodi.
Kukodisha: kutoa matumizi ya kitu chako kwa malipo. Mtendaji ni mkodishaji.
Malipo ya ukodi: fedha anazotoa mkodi kwa mkodishaji.
Dalali wa muda: anayekodi muda wa hewani kwa jumla na kuukodisha kwa rejareja.
Kipindi cha kulipiwa: kipindi ambacho yaliyomo yameamuliwa na mtu aliyelipa ili kirushwe.
Kipindi kilichodhaminiwa: kipindi cha kituo chenyewe ambacho gharama zake zimesaidiwa na mwingine.
Mwenye leseni: anayetambuliwa na sheria kuwa mwenye kuamua, na kwa hiyo mwenye kujibu.

Katika orodha hii neno "king'amuzi" lastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Lilitokana na kitenzi cha zamani, kung'amua, na lilipohitajika Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, wananchi walilipokea na kulitumia madukani na majumbani. Wanaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi walitazame neno hili. "Transponda", kwa upande mwingine, tumeiacha katika umbo lake la kigeni lililotoholewa, kwa sababu hutajwa na mafundi wachache, na hatujaona neno la asili ambalo lingeitaja bila kuichanganya na vyombo vingine.

Hitimisho

Mfasiri aliyetuandikia aliirekebisha rasimu yake kwa kufuata mashauri haya. Kikundi kikawa mkodi, kampuni ikawa mkodishaji, na malipo yakawa malipo ya ukodi. Alipofika kifungu cha kumi akajaribu kuandika "mwenye leseni" mahali pa "mtangazaji", ndipo alipogundua kwamba hata mkataba wa asili haukuwa umesema ni nani angewajibika ikiwa kipindi kingevunja sheria. Neno la jumla lililokuwamo lilikuwa limeuficha upungufu huo kwa wote waliousoma. Kikundi kiliuliza, na kabla ya kutia saini kikapata kifungu kilichoandikwa upya.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea kusikia kwamba kazi ya istilahi ni ya kupamba lugha, na kwamba wenye haraka wanaweza kuiacha. Hapa imemwepusha mtu na deni asilolijua. Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, maofisa wayapime katika nyaraka zao, na wafasiri watuletee sentensi ambazo maneno haya yamewashinda. Sentensi hizo zitatufaa zaidi kuliko sifa, na tutazijadili katika toleo litakalofuata.